Kipimo cha Mkono

Jioni ya tarehe 1 Septemba, katika shamba la mtama uliokwisha kuvunwa, sehemu za kati za jimbo la Texas nchini Marekani, wakati joto la mchana halijapungua na vumbi la magari bado limetanda juu ya njia, tulikuwa watu watatu tumekaa kando ya ua wa seng'enge, kila mmoja na bunduki yake ya marisau na mfuko wake wa mawindo, tukiwangoja hua watoke malishoni kwenda kunywa maji lamboni. Mmoja wetu alikuwa kijana ambaye jicho lake halikosi. Wa pili alikuwa mzee wa kwetu Pwani, aliyekaa ughaibuni miaka mingi, ambaye sote twamwita Ami ingawa hana udugu wa damu na yeyote katika sisi. Na wa tatu ni mimi. Sheria ya huko humruhusu kila mwenye leseni hua 15 kwa siku moja. Jua lilikuwa halijagusa vilele vya miti, na kijana amekwisha kutimiza 15, mimi nimepata 11, na Ami, ambaye bega lake la kulia limeanza kumwasi, alikuwa na 6 tu, amewapanga juu ya nyasi kwa mstari, vichwa upande mmoja, kama mtu apangaye viatu mlangoni mwa msikiti.

Kijana akamsogelea kwa adabu, akachutama, akasema kwa sauti ya chini: "Ami, umebakiwa na tisa. Niruhusu nikupigie, tuondoke sote tumetimiza."

Ami hakugeuza uso. "Wako wapi hao tisa wangu, mwanangu?"

Kijana akanyosha kidole juu, ambako hua wanne au watano walikuwa wakipita kwa kasi kuelekea majini.

Nimekaa na swali hilo muda mrefu tangu jioni ile, na kila nikilirudia naliona lina kina zaidi, kwa sababu Ami hakuuliza kama jambo lile limekatazwa, maana hilo sote watatu tulilijua. Aliuliza juu ya asili ya kitu kinachoitwa fungu la mtu, na kama mtu aweza kuwa na fungu katika kitu ambacho mkono wake haujakifikia.

Hapana budi nikiri kwamba ombi la kijana lilikuwa na uzuri wake, na kwamba mimi niliyelelewa katika nyumba ambayo mtu hakutengewa sahani yake peke yake, bali sinia moja ilizungukwa na mikono ya wote, sikuliona mara ya kwanza kuwa na kosa. Sisi tumefunzwa tangu utotoni kwamba mwenye nguvu humchukulia dhaifu mzigo wake, na kwamba kijana huvuta wavu kwa niaba ya mzee ambaye mikono yake imechoka, na kwamba kurudi umejaa ilhali mwenzio yu mtupu ni aibu isiyofutika kwa maneno. Na mtu akituambia kwamba kuna mahali ambapo kumtimizia mzee fungu lake ni hatia, twaona kana kwamba amepindua mizani ya mambo yote. Kwa hiyo nataka kulichungua jambo hili polepole, nikimpa kijana haki yake yote, kwa maana nia yake ilikuwa njema.

Sheria yenyewe haina mafumbo. Hua wale ni ndege wa kuhama, na ndege wa kuhama hawatawaliwi na jimbo peke yake; wako chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1918, iliyotungwa ili kutimiza mapatano ya mwaka 1916 baina ya Marekani na Uingereza kwa niaba ya Kanada. Kanuni zake zimeweka vipimo viwili. Cha kwanza ni idadi ya ndege ambao mtu mmoja aweza kuwatwaa katika siku moja. Cha pili ni idadi ya ndege ambao mtu mmoja aweza kuwa nao katika milki yake kwa jumla, walioko mkononi pamoja na walioko katika friza nyumbani, na kwa hua wa Texas hiyo ni mara tatu ya ile ya kwanza, yaani 45. Lakini siku ya kufungua msimu haimjuzu mtu kuwa na zaidi ya wale wa siku moja, kwa kuwa hakuna jana aliyoweza kuwinda kwa halali. Neno linalokaririwa humo ni mtu mmoja. Halikutajwa kundi, wala ukoo, wala kambi. Na asije mtu akadhani kwamba watunga sheria walilisahau kundi, kwa maana yako majimbo, kama Minnesota, ambayo katika uwindaji wa kulungu huwaruhusu wanaowinda pamoja mmoja ampigie mwenziwe. Mlango huo basi wanaujua, na kwa ndege wa kuhama wameufunga kwa kusudi.

Alipoulizwa baadaye kwa nini aliona ni sawa, kijana alileta hoja ambayo nimeisikia kwa wengi na ambayo haistahili kupuuzwa. Watu watatu, alisema, wana hua 45. Wakifa kwa bunduki moja au kwa bunduki tatu, watakaobaki angani ni wale wale, na ndege hajui ni nani aliyempiga. Hesabu hiyo yaonekana timamu mpaka mtu aulize kama walioweka 15 walitaraji kwamba kila mwindaji atafikia 15. Hawakutaraji hivyo. Wao huwauliza wawindaji wenyewe kila mwaka juu ya mawindo yao, na wanajua kwamba wengi hurudi na pungufu, na kwamba upungufu huo wa wazee, wa wanaojifunza, wa waliochoka mapema na wa wale ambao upepo uliwageukia, umo ndani ya kipimo chenyewe tangu kilipowekwa. Risasi za Ami zilizokosa zilikuwa ni uhai wa hua fulani watakaotaga mwakani. Kijana akiziba kila pengo lililoachwa na mwenziwe, na kila mwenye jicho kali katika kila shamba akafanya vivyo hivyo, basi 15 hugeuka kuwa idadi nyingine ambayo hakuna aliyeiidhinisha.

Walakini sitaki kuegemeza maneno yangu yote juu ya hesabu, kwa kuwa naamini swali la Ami lingesimama pale pale hata kama hua wangekuwa wengi kama mchanga wa Shela. Na kwa kuwa nimeutaja mchanga, nchi ile ile ina habari ya ndege waliokuwa kama mchanga, nayo nataka kuitua hapa kabla sijaendelea.

Kulikuwa na njiwa katika Amerika ya Kaskazini ambao kwa wingi wao hawakuwa na mfano duniani, waliohama kutoka msitu hadi msitu wakifuata matunda ya miti, na mwaka 1813 mchora ndege mashuhuri John James Audubon, akiwa njiani kwenda Louisville katika Kentucky, aliwaona wakiufifiza mwanga wa mchana kama jua lililopatwa, na kupita kwao hakukukoma kwa siku tatu. Zilipoenea reli na telegrafu, wawindaji wa biashara wakawa wakipashana habari za mahali makundi yalipotua, wakawafuata hata katika viota vyao. Na mwaka 1878, karibu na Petoskey katika Michigan, waliuawa wiki baada ya wiki, wakashindiliwa katika mapipa na kupelekwa mijini kwa gari la moshi. Wa mwisho wao, jike ambaye watu walimpa jina la Martha, alikufa tunduni katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Miaka miwili baadaye yakaja yale mapatano niliyoyataja, na ndani yake ikaandikwa kwamba msimu wa kuwinda ndege wa kuhama usifunguliwe kabla ya tarehe 1 Septemba. Sidai kwamba tarehe hizo mbili zilikutanishwa kwa makusudi ya mtu. Nasema tu kwamba kila mwaka, siku wanapofunguliwa hua, mimi hukumbuka kwamba ndiyo siku aliyokufa yule, na hukumbuka pia kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyewamaliza njiwa wale. Kila mmoja alitwaa kilichokuwa mbele yake, akatwaa na kile ambacho aliona kwamba, asipokitwaa yeye, kitapotea bure.

Narudi kwa Ami. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo iliyosomeshwa katika madarasa ya Pwani yetu kwa karne nyingi, ndege wa mwituni ni mubaha, maana yake hana mwenyewe: humilikiwa kwa kushikwa, au kwa kujeruhiwa hata asiweze tena kuruka, na kabla ya hapo hana bwana illa Aliyemuumba. Mwaka 1920, katika daawa ambayo jimbo la Missouri lilidai kwamba ndege waliomo katika anga lake ni wake na kwamba serikali ya shirikisho haina neno juu yao, Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu ya Marekani alijibu kwa hoja iliyo jirani mno na hiyo ya mafakihi: kwamba ndege wa mwituni hawamo mikononi mwa mtu, na kushika ndio mwanzo wa milki, na kwamba haki ya jimbo juu yao, ikiwa ipo, imesimama juu ya viumbe ambao jana walikuwa hawajafika na kesho huenda wako jimbo jingine. Watu hao hawakuketi darasa moja wala hawakusali kibla kimoja, lakini walipomtazama ndege apitaye juu waliona kitu kile kile, yaani kiumbe ambaye hajawa wa mtu.

Ikiwa ni hivyo, hua tisa wa Ami hawakuwa mali yake, wala hawakuwa deni analomdai mtu, wala amana iliyowekwa mahali ikimngoja. Leseni haikumpa hua 15. Ilimwambia kwamba mkono wake usipite 15. Kati ya kauli hizo mbili mna umbali mkubwa, na nadhani kosa lote la kijana, na la wengi wetu, limejificha katika umbali huo. Mtu aliyeambiwa asiangue zaidi ya minazi kumi katika shamba la wakfu, akachoka kwenye mnazi wa nne, hana minazi sita ya kumgawia jirani. Ile sita ni ya wakfu kama ilivyokuwa asubuhi. Kutoa ni moyo, twasema, nasi twasema kweli, lakini moyo hutoa kilichomo mkononi, na mkono wa Ami ulikuwa na hua 6.

Hapo huenda mtu akaniuliza: na wanapopiga wawili kwa mara moja, akaanguka mmoja? Mafakihi walilitafakari jambo hilo kwa uangalifu ambao hunistaajabisha kila nikiusoma. Aliyemjeruhi kwanza akamfanya ashindwe kuruka ndiye mwenyewe, na mwenziwe akimpiga tena baada ya hapo akamuua, amemharibia, kwa kuwa ndege aliyekwisha kupatikana huhalalishwa kwa kuchinjwa. Na wakimwangusha kwa pamoja, basi ni wa wote wawili. Kwa nyama hukumu hiyo yatosha. Kwa idadi haitoshi, kwa maana hua hawezi kuandikwa nusu kwa huyu na nusu kwa yule, hapana budi mmoja amkubali. Ami ana desturi yake katika jambo hili. Ikilia milio miwili akaanguka mmoja, husema "Huyo wangu" kabla mtu hajafungua kinywa. Na mimi katika siku za kwanza nilidhani kwamba mzee anapenda kusifiwa shabaha, mpaka siku moja nikatambua kwamba anajipunguzia. Hua aliyetiwa shaka humhesabu juu yake. Aliyejeruhiwa akaangukia kichakani asionekane, baada ya kumtafuta mpaka miiba ikamchana mikono, humhesabu vile vile, ingawa mfukoni hayumo. Na anayemfikia yu hai humchinja pale pale kwa kisu kidogo cha mpini wa mfupa anachokifuta kila mara kwenye suruali, akimtaja Mungu kwa sauti ambayo mtu aliye hatua tatu haisikii. Na kwa bahati njema sheria ya Marekani nayo huamuru kwamba ndege aliyejeruhiwa akishikwa auawe papo hapo na aingie katika hesabu ya siku.

Imepokewa kwamba Adi bin Hatim, aliyekuwa mwindaji, alimuuliza Mtume juu ya mtu anayemkuta mbwa mwingine pamoja na wake juu ya windo, asijue ni yupi aliyeua, akajibiwa kwamba asile, kwa kuwa alimtaja Mungu juu ya mbwa wake, hakumtaja juu ya yule mwingine. Shaka juu ya muuaji ilitosha. Kwa hiyo kanuni za Marekani zinapomtaka kila mtu awatenge ndege wake na wa wenziwe, na asimwachie mtu ndege awanyonyoe, awachukue au awahifadhi pasi na lebo yenye sahihi ya mwindaji, anwani yake, idadi na aina ya ndege, na tarehe waliyouawa, mimi sioni kwamba ni udhia wa makarani. Naona ni mas'ala ya Adi bin Hatim yameandikwa kwa kalamu nyingine.

Wala sikuyaona hivyo siku zote. Mwaka mmoja rafiki yangu aliitwa kazini ghafla, akaniachia hua wake 12 nimpelekee kwake, nami nikawatia pamoja na 14 wangu katika sanduku moja la barafu, bila ya kipande cha karatasi, kwa kuwa jua lilikuwa linatua na mimi nina haraka. Njiani pikapu ya Bwana Nyama, yaani askari wa sheria za uwindaji, ikaja nyuma yangu, ikaniandama kama maili mbili, kisha ikakunja kushoto ikaenda zake. Nilipofika nyumbani nikafungua kifuniko, nikaona hua 26 wa rangi moja na ukubwa mmoja, wamelaliana, manyoya yamelowa yakashikana, na mwanangu mdogo aliyekuja kuchungulia akaniuliza wapi ni wetu. Sikuweza kumjibu. Nilichomwa na hilo, lakini nilichomwa zaidi na jambo jingine nililoligundua usiku ule, nalo ni kwamba hofu yangu yote ilikuwa juu ya lile gari, na lilipokunja kona hofu nayo ilikunja kona pamoja nalo.

Tangu siku hiyo naisoma Sura ya Al-Maida kwa namna nyingine. Sura hiyo yaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize maagano, na katika aya iyo hiyo, kabla ya jambo jingine lolote, huingia katika habari za wanyama waliohalalishwa na mawindo yaliyokatazwa kwa aliyehirimia. Kisha mbele, katika aya ya 94, waumini huambiwa kwamba watajaribiwa kwa mawindo yaliyo karibu nao, yanayofikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili ajulikane ni nani amchaye Mungu kwa ghaibu. Kati ya mitihani yote ambayo mtu angeweza kuidhani, ya dhahabu, ya vita, ya ufalme, hapa umechaguliwa ndege au paa anayekuja mwenyewe hadi miguuni pa mtu ambaye siku nyingine angemla kwa halali. Nadhani umechaguliwa kwa sababu mwituni hamna soko wala jirani, na windo halina mlalamishi. Aliyetia sahihi leseni amefunga agano. Na agano hilo aghalabu halina shahidi mwingine isipokuwa yeye, na hua, na Yule asiyehitaji kushuhudia kwa macho.

Lakini rafiki yangu Mkristo, mtu asomaye sana Taurati, aliniletea pingamizi lililonifanya nikeshe. Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 16, alisema, Wana wa Israeli waliagizwa waokote mana pishi moja kwa kila kichwa, na kila mtu aokote kwa ajili ya wale waliomo hemani mwake. Na waliyoilaza hata asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Hiki ni kipimo cha siku, na ni kipimo cha milki, navyo vimewekwa na Mungu mwenyewe, na pamoja na hayo ameruhusiwa mtu kumwokotea mwingine. Mbona wewe wamkataza kijana asimwokotee mzee?

Sikuwa na jibu siku ile, na sikutaka kumpa jibu la kujisitiri. Baadaye niliona kwamba vipimo viko viwili, na vyote viwili ni vya haki mahali pake. Kipo kipimo cha kinywa, na kipo kipimo cha mkono. Mana ilipimwa kwa kinywa: iliulizwa ni wangapi watakaokula, na mtoto mchanga aliyemo hemani asiyeweza kwenda nje alikuwa na haki ya pishi yake sawa na baba yake, kwa sababu asipookotewa atakufa, na aliyeokota nyingi, ilipopimwa, hakuzidisha kitu. Hua wa Texas hawapimwi kwa kinywa. Hakuna hema linalowangoja. Nyumbani kwa Ami mlikuwa na kuku na mchele na samaki, na mkewe asingelala na njaa kwa sababu ya hua tisa. Kilichopimwa jioni ile ni kiasi ambacho mkono mmoja waweza kuharibu bila ya haja kubwa, kwa furaha ya kuwinda na kwa ladha ya nyama, ambavyo ni vitu halali lakini si vya dharura. Na kipimo cha namna hiyo hakiwezi kuhama kutoka mkono hadi mkono, kama vile saumu ya mtu mzima aliye mzima wa mwili haifungwi na jirani yake. Na rafiki yangu ajua, maana ndiye aliyenionyesha, kwamba kitabu cha Hesabu, mlango wa 11, kina habari nyingine ya jangwa lile lile, ya kware walioletwa na upepo kutoka baharini. Huko hapakutajwa pishi. Watu walikusanya mchana kutwa na usiku kucha na siku ya pili yake, na aliyepata kidogo alipata homeri kumi. Na mahali pale pakaitwa Kibroth-hataava, yaani makaburi ya tamaa. Kware ni ndege wa kuhama. Mpaka leo hutegewa nyavu katika pwani za Misri wakati wavukapo bahari wakielekea kusini, wamechoka kiasi cha kuokotwa.

Kuna na wale ambao hawavunji kipimo waziwazi bali hukizunguka: amkatiaye leseni mkewe asiyewahi kushika bunduki, akamketisha garini, kisha akampigia 15 wake, au amtiaye mtoto hua mkononi anapomwona Bwana Nyama anakuja. Juu ya hao sina haja ya kusema mengi. Habari ya watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Sabato, ambao wafasiri husimulia kwamba walitega Ijumaa wakaopoa Jumapili, imo katika Sura ya Al-Aaraf, na kila aliyepita madrasa anajua mwisho wao.

Ukarimu nao haukufungiwa mlango, na hili ndilo ambalo kijana hakuwa akilijua. Ndege akishauawa kwa halali na kuhesabiwa juu ya aliyemuua, aweza kutolewa zawadi. Akitolewa nyumbani kwa mtoaji au kwa mpokeaji hapana taabu, na akitolewa kwingine huwekewa lebo. Hapo hutoka katika milki ya mtoaji na kuingia katika milki ya mpokeaji, na huhesabiwa huko. Bali aliyekwisha kupiga 15, hata akiwatoa wote 15 akabaki mikono mitupu, hawezi kumpiga wa 16 siku ile. Nyama imehama, wala hakuna anayemlaumu. Kitendo kimebaki kwa mwenyewe.

Ami alimweleza hayo kijana tulipokuwa tumesimama nyuma ya pikapu, jua limekwisha kuzama na sisi tumezifungua bunduki na kutoa maganda. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akatoa mfuko wake, akahesabu hua tisa, akawaweka kando. Nikampa kalamu, nayo ikakataa kwa jasho la vidole vyake, akaifuta kwa shati, akaandika jina lake na anwani yake, na chini yake: hua tisa, 1 Septemba. Ami alimshikia tochi. Alipomaliza, mzee akaisoma ile lebo neno kwa neno, akamrudishia atie sahihi aliyoisahau, kisha akawapokea kwa mikono miwili, wakawa 15 pamoja na wale 6 wake, ndio mwisho wa idadi ambayo siku ile ilimruhusu kuwa nayo.

"Ahsanta, mwanangu," akasema. "Hawa nawaona."

Ng'ambo ya lambo, katika miti ambayo ilikuwa sasa ni kivuli kitupu, tuliwasikia wengine wakipiga mabawa wakitafuta matawi ya kulala.